SEHEMU YA 6: Bembea ya kliniki ilitoka wapi?

Haya, tuendelee. Mzazi analeta mtoto kwenye tiba kwa vitendo, anakuta anabembezwa, ananung'unika: "Nimetoa nauli yote hii aje kucheza?"

Hiyo bembea ina historia. A. Jean Ayres alizaliwa California, Marekani, mwaka 1920. Akasomea tiba hii, inayomsaidia mtoto kula, kuvaa na kuandika mwenyewe. Alikuta watoto wanaona na kusikia vizuri tu, lakini wanajikwaa, hawataki kuguswa, hawatulii darasani. Wengine wangesema ni ukaidi. Yeye akasema hapana: ubongo unashindwa kupanga taarifa za mguso, mwendo na misuli. Mwaka 1972 akatoa kitabu kuhusu jambo hilo. Kwenye tiba yake, bembea na vibao vya magurudumu ndivyo vilikuwa vifaa vya kazi.

Ila tuambiane ukweli, ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilisema utafiti ni mchache na haujatoa jibu. Kwa hiyo mama, swali lako ni la haki. Muulize mtaalamu: mchezo huu unalenga nini, kula au kufunga vifungo? Na tutapima lini?

Maswali wekeni hapo chini.