Mguu Mmoja Chini

Marekani kuna madirisha ambayo mwenye gari husimama ubavuni pake, akataja anachotaka, akalipa, akapokea na kuondoka, mlango hajaugusa. Mwaka 1930 benki moja ya St. Louis ilikuwa tayari inapokea fedha za wateja kwa mtindo huo. Mwaka 1948 In-N-Out wakaanza kuuza hambaga hivyo huko California. McDonald's nao wakafungua dirisha lao la kwanza mwaka 1975 katika mji wa Sierra Vista, Arizona, na sababu yake inachekesha: jirani pana kambi ya jeshi, na askari waliovaa sare za kazi hawakuruhusiwa kushuka kwenye magari wawapo nje ya kambi. Basi ikabidi hambaga iwafuate garini.

Je, mtu akija na baiskeli? Mara nyingi hufukuzwa. Mwaka 2009 mjini Portland, jimbo la Oregon, mteja mmoja mwenye baiskeli alikataliwa kwenye dirisha la Burgerville, kampuni ya vyakula ya huko huko. Yakazuka makelele, na kampuni ikabadili msimamo, wenye baiskeli wakaruhusiwa. Kwingine hujibiwa mpaka leo kwamba ni hatari, eti dereva wa nyuma hatawaona.

Ndugu msomaji, utaniuliza hambaga za Portland zinamhusu nini kijana wa Same. Zinamhusu sana. Hapa kwetu kununua bila kushuka ni jambo la siku nyingi, na hapa pia baiskeli imeambiwa isogee pembeni.

Kwetu mambo yalianza na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo mwaka 1905, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Njia nzima imeambaa na milima, Usambara kwanza halafu Upare, na Same ikawa kituo. Treni inaposimama abiria hashuki, anaogopa kuachwa. Anatoa kichwa dirishani na kuita. Babu yangu, miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakiitwa. Anasema kazi yenyewe haikuwa kuuza, kazi ilikuwa kukimbia, maana wapo wateja waliokumbuka kulipa treni ikiwa imeshaanza kutembea, na wapo waliokumbuka kusahau. Kule Marekani gari linakwenda dukani. Huku duka lilikuwa na miguu miwili na sinia kichwani, na lilikuwa linakimbizana na behewa.

Ndizi za kwenye sinia zilitoka juu. Mtu ambaye hajafika kwetu huidhani Same ni nchi kame tu, ya miiba na mkonge, kwa sababu ameiona kwa kupitia dirisha la basi. Ainue macho. Mlima Shengena una mita 2,462, na huko juu kuna migomba, kuna misitu, na upande wa Mamba Myamba kuna tangawizi. Mzigo ulishuka kwa vichwa vya akina mama, na baadaye kwa baiskeli. Kupanda unaisukuma, kushuka inakusukuma. Ikifika tambarare inakuwa punda mtiifu, mikungu miwili kwenye keria, mmoja kwenye usukani, na mwenyewe katikati haonekani.

Treni za abiria zilikufa miaka ya 1990, zikarudi Desemba 2019. Katikati hapo mabasi ya Dar na Arusha yalirithi dirisha lile lile na watoto wale wale. Baiskeli ilibaki upande wa muuzaji, imeegemezwa ukutani na kreti la soda, ikimsubiri mtu akimbilie dirisha la mwingine.

Lakini pale Same pana mahali pamoja ambapo mwenye baiskeli alikuwa mteja kamili. Ni kituo cha mafuta. Unaingia upande huu, unahudumiwa, unatokea upande ule, hakuna tofauti kubwa na yale madirisha ya Marekani. Na yeye alifuata mafuta ya taa. Dumu la lita tano limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, kizibo kimezungushiwa nailoni kisivuje njiani. Usiku kijiji kizima kilikuwa kinawaka kwa safari za namna hiyo, vibatari, chemli, jiko la mchuruzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, petroli ilipoadimika nchini, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wazee husimulia kipindi kile kwa raha fulani, maana jioni za Jumapili barabara ilikuwa yao.

Halafu mwaka 2011 serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, bei ikakaribiana na dizeli, ili kukomesha uchakachuaji. Watu wa malori waliacha kuchanganya, sawa, lakini mama wa kibatari ndiye aliyelipa. Baadaye zikaja sola, ukaja umeme, na dumu likabaki la maji. Siku hizi mwenye baiskeli akiingia kituoni anataka upepo tu.

Mimi niliingia kituo kimoja kutaka upepo huo. Kijana wa pampu akaniambia, "Dogo, hapa pa magari. Sogea pembeni."

"Mbona bodaboda ile imeingia, kaka?"

"Ile ina injini."

Nimeyachukua maneno hayo mpaka nyumbani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara unaihesabu baiskeli kuwa chombo, sawa na vyombo vingine. Pale kituoni nilihesabiwa mtembea kwa miguu aliyepotea njia. Na hesabu hiyo haiishii kwenye pampu. Ndiyo hiyo hiyo aliyonayo dereva wa basi anapompigia honi ya nyuma mtu mwenye mikungu mitatu, mpaka anaiacha lami na kuingia kwenye kokoto. Huyo akianguka hapotezi ndizi peke yake.

Kusogezwa pembeni si jambo la asili katika mji huu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani kwa miguu hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, wakapiga kambi karibu na ofisi ya Bwana DC, wakakataa kurudi makwao. Waliambiwa waondoke, wakakaa. Kodi yenyewe ikaja kuondolewa. Hawakuwa na injini hata moja.

Huku mitaani, kwa bahati, tuna dirisha letu ambalo halina kibao. Unasimamisha baiskeli mbele ya kibanda, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli. "Mangi, nipe kiberiti na vocha ya elfu moja." Mwenye duka huitwa Mangi hata akiwa Mpare mwenzetu, na yeye huitika. Upo mmoja njia ya kwenda Mwembe aliyejenga meza yake juu kupita kawaida, watoto wakitumwa chumvi wanapanda juu ya tofali. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia meza ameipima kwa kiwiko cha mtu aliyekaa kwenye siti ya baiskeli.

"Wateja wangu wengi hawashuki," alisema. "Sasa niwashushe mimi?"