Jahazi Isiyo na Fundi, na Meli Iliyozama

Watu wa pwani hawakungoja karne ya ishirini ndipo wasikie kwamba wako wasemao hakuna Mungu. Habari hiyo imejificha ndani ya neno ambalo washairi hulitumia bila kulihoji: dahari. Kwa Kiswahili, dahari ni muda usio na ukomo. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni zama. Na Dahriya walikuwa ni watu waliodai kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala Muumba, na kwamba kinachowaua wanadamu ni kupita kwa zama tu. Qurani imeyataja madai hayo katika Sura ya Al-Jathiya, aya ya 24. Kwa hiyo mtoto wa Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, aliyehitimu chuoni kwa mwalimu wake, alikuwa amekwisha kukutana na mkanamungu ndani ya Kitabu kabla ya kukutana naye njiani.

Alikutana pia na jibu. Elimu ya tauhidi katika vyuo vingi vya pwani imefuata mpango wa Imam Muhammad al-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, uliozipanga sifa za lazima za Mungu kuwa ishirini. Ya kwanza ni kuwepo. Haikutosha kuihifadhi sifa hiyo kwa moyo. Ilitakiwa itolewe dalili. Dalili yenyewe ni fupi: ulimwengu hubadilika, kila kibadilikacho kimezuka baada ya kutokuwapo, na kilichozuka hakina budi kuwa na aliyekizusha. Waibadhi na Mashafii, ambao wamekaa pamoja Pemba kwa karne kadhaa, wamebishana juu ya iwapo Mungu ataonekana Akhera. Juu ya kuwepo kwake hawakubishana.

Dalili ya vitabuni ni kavu, na walimu waliinywesha maji kwa kisa. Inasimuliwa kwamba Imam Abu Hanifa, aliyeishi Iraki kati ya mwaka 699 na 767, aliahidiana na mkanamungu mmoja wajadiliane mbele ya watu, naye akachelewa. Alipofika alitoa udhuru: alikwama ng'ambo ya mto bila ya chombo, mara akaona mti ukijikata wenyewe, ukajipasua mbao, mbao zikajiunga zikawa jahazi, na jahazi ikamvusha bila nahodha. Mpinzani wake akacheka: nani atasadiki upuuzi huo? Imamu akajibu kwamba ikiwa jahazi moja haiwezi kujiunda, basi vipi mbingu na ardhi? Kama mazungumzo hayo yalipata kutokea kweli, historia haithibitishi. Lakini ni rahisi kuona kwa nini kisa kilipendwa na watu wa visiwani. Aliyemwona fundi akilaza mkuku, akisimamisha mataruma, akitia kalafati na kupaka sifa, hana haja ya kuelezwa kwamba chombo hakijiundi.

Hoja hiyo ina wapinzani wake, na yafaa wasikilizwe. Mwaka 1779 kilitoka kitabu cha Mskoti David Hume, miaka 3 baada ya kufa kwake, kikautumia mfano huohuo wa meli kwa upande wa pili. Aionaye meli nzuri, alisema Hume, humdhania fundi wake kuwa bingwa. Kumbe huenda ni mjinga aliyewaiga wengine, baada ya vyombo vingi kuharibiwa. Na mwaka 1859 Charles Darwin alionyesha namna viumbe vinavyoweza kupata maumbile yanayowafaa kwa mabadiliko madogo madogo, vizazi hata vizazi. Anayetegemea kisa cha jahazi peke yake hutikisika hapo. Anayeirudia dalili ya Sanusi hatikisiki upesi, kwa kuwa dalili ile haikuuliza nani aliyevipamba viumbe, bali kwa nini kipo chochote badala ya kutokuwapo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 mjadala ulivaa nguo za siasa. Mawazo ya Karl Marx yalifika Zanzibar na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na waumini wengi wakaogopa kwamba ujamaa ni jina jingine la kukana Mungu. Mwalimu Nyerere alijibu kwamba ujamaa unashughulika na maisha ya watu katika jamii, na kwamba uhusiano wa mtu na Mungu wake ni jambo lake binafsi. Fasihi nayo haikunyamaza. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, anaikosa maana ya maisha na kujiua. Mwaka 1999 Ziraili na Zirani ya William Mkufya ikaupeleka ubishi huo hadi ahera. Upande wa dini, Sayyid Saeed Akhtar Rizvi wa Bilal Muslim Mission, Dar es Salaam, aliandika juu ya Mungu katika kijitabu kimoja, na juu ya uadilifu wa Mungu katika kingine. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwani hayo ni maswali mawili, na jibu la la kwanza si jibu la la pili.

Pemba ilijua tofauti hiyo usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kuja Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake, ilizama karibu na Nungwi. Mamia walikufa, watoto wakiwamo. Kwa mtu wa Kengeja, ambako ndege ni ya wachache na bahari ni ya wote, kisa cha Abu Hanifa hakikuweza kusema kitu usiku huo. Aliyefiwa hakuuliza kama jahazi ina fundi. Aliuliza: Fundi huyo alikuwa wapi?

Majibu yaliyosikika matangani yalikuwa ya zamani. La kwanza ni la subira, lile la kisa cha Nabii Ayubu, aliyepoteza mali, watoto na afya; utenzi wake wa Kiswahili ulichapishwa na Alice Werner mjini London mwanzoni mwa miaka ya 1920. Jibu hilo halithibitishi kitu. Humweka mfiwa pamoja na mwenzake aliyetangulia kuumia, na kwa hilo limewafaa watu wengi kuliko dalili.

La pili ni la kadari: Mungu kapenda. Hapa pana hatari. Neno linalomtuliza mfiwa laweza pia kumfichia uovu aliyeuza tiketi kupita idadi. Wanazuoni wa Kiashari waliliona jambo hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakafundisha kwamba Mungu ndiye muumba wa vitendo, lakini mja ana kasbu, yaani chumo lake, na kwa chumo hilo ataulizwa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda tume ya uchunguzi, na kuunda tume ni kukiri kwamba bahari haikutenda peke yake. Hata hivyo tarehe 18 Julai 2012, kabla mwaka haujatimia, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe.

Mkanamungu akiwaambia waumini kwamba meli zile ni ushahidi wake, wanalo la kumjibu: waliozipakia wana majina, na sifa ishirini hazikuzungumza juu yao. Lakini muumini asemaye kadari kisha akakaa kimya juu ya wapakiaji, anampa mpinzani wake hoja ambayo Hume hakuwa nayo. Dau la mnyonge haliendi joshi, wasema Waswahili. Ni haki ya mnyonge huyo kujua nani alilizidishia shehena.