Ugwe ndani ya uti

Kericho na Bomet, ukitaja “uti wa mgongo” zahanatini, wengi hufikiria ile homa ya jina hilo. Lakini uti ni mifupa. Ndani yake hupita ugwe, kamba ya neva. Neno hili zuri lisiachiwe vitabu vya shule.

Ugwe huo na neva za macho ndivyo hushambuliwa na ugonjwa wa Devic, tabibu wa Lyon aliyeueleza mwaka 1894. Ni nadra, ila watoto pia huupata.

Mama arudipo kutoka kuchuma chai amkute mwanawe jicho linamuuma akiligeuza, miguu nayo ina ganzi, amweleze daktari yote mawili. Kitengo cha macho kipo hospitali ya Tenwek, Bomet. Steroidi za mapema huweza kuokoa uwezo wa kuona na kutembea.