Mchawi, Askari na Swali la Nani Anashika Kikomo

Kila mfumo wa utawala hulijibu swali moja kwa namna yake: tukimkabidhi mtu mmoja uwezo mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu uwezo huo tunauhitaji, tufanye nini ili wenzake wasigeuke kuwa watazamaji? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa karne nyingi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba lipo kundi jingine, ambalo sisi wasomi hatujazoea kulisikiliza, nalo limehangaika na swali hilohilo kwa takriban miaka 50, tena kwa majaribio ya vitendo mbele ya mamilioni ya watu. Nawazungumzia watunzi wa michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo vijana wetu huicheza kwenye kompyuta na kuiita gemu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, michezo hii humtaka mchezaji avae uhusika fulani na kusafiri na kikosi chenye watu wa kazi mbalimbali. Askari hupigana kwa upanga. Kuhani huponya majeruhi. Mwizi hufungua kufuli na kutegua mitego. Mchawi hutamka afsuni, yaani maneno yenye nguvu za ajabu, na adui kumi wakateketea kwa mara moja. Ugumu unaonekana papo hapo. Askari anajua kazi moja, ilhali mchawi anaweza kufanya lolote ambalo mtunzi ameliandika kitabuni: kuua, kuruka, kupita ukutani, hata kufungua kufuli na kumwacha mwizi bila ajira.

Nalitumia neno “mchawi” kwa tahadhari. Katika lugha yetu mchawi ni mtu wa usiku na adui wa jirani yake. Huyu wa kwenye michezo ni msomi. Hufanya kazi mchana kweupe, nguvu zake huzitoa vitabuni, na wenzake humtegemea. Naomba msomaji aiweke kando hofu tuliyorithi, abaki na dhana ya elimu inayozaa nguvu.

Historia yenyewe inaanzia vitani. Mwaka 1971 Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha kanuni za mchezo wa vita ulioitwa Chainmail, uliochezwa mezani kwa vinyago vya askari. Katika sehemu yake ya mambo ya kubuni, mchawi alihesabiwa kama silaha nzito: mpira wake wa moto na radi yake vilipewa nguvu za mashine ya kurushia mawe na za mzinga. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mchezaji mmoja aliliongoza jeshi zima. Kamanda hamwonei wivu mzinga wake mwenyewe.

Malalamiko yalipata mahali pa kuanzia mwaka 1974, pale Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo uliompa kila mtu mhusika mmoja tu. Sasa mzinga ulikuwa na mwenyewe, na askari wa miguu naye alikuwa na mwenyewe, wote wameketi meza moja usiku kucha. Ilibidi mizani itafutwe.

Watunzi walitumia dawa kadhaa kwa pamoja. Ya kwanza waliiazima kwa mwandishi Jack Vance, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1950, The Dying Earth, wachawi hukariri afsuni chache tu, na kila wanapoitamka moja huisahau hadi waikariri upya. Ya pili ilikuwa udhaifu wa mwili. Kwa kanuni za mwaka 1978, uhai wa askari ulipimwa kwa dadu ya pande 10, wa mchawi kwa dadu ya pande 4. Mchawi hakuruhusiwa kuvaa deraya, na silaha zake zilikuwa fimbo, jambia na vitu vya namna hiyo. Ya tatu ilikuwa mwendo wa kupanda ngazi: ili kufika ngazi ya pili mchawi alihitaji kama pointi 2,500 za uzoefu, askari 2,000, mwizi 1,250.

Dawa ya nne husahaulika, nami naiona kuwa ya kisiasa kuliko zote. Askari aliyefika ngazi ya 9 aliweza kujenga ngome, kuvutia wapiganaji waliomfuata kwa sifa ya jina lake, na kukusanya kodi katika eneo alilolilinda. Mchawi wa ngazi za juu alikuwa na elimu ya kutisha, lakini hakupewa jeshi. Kwa hiyo ukubwa wa mmoja ulikuwa katika vitabu vyake, na ukubwa wa mwingine ulikuwa katika watu wake.

Juu ya yote alikuwapo msimamizi wa mchezo, mtu wa hai aliyeketi mwisho wa meza. Mchawi akisema, “Nimemaliza afsuni zangu, tulale nizikariri upya,” msimamizi aliweza kujibu kwamba nyayo za maadui zinasikika mlangoni, au kwamba mateka waliyekuja kumwokoa atanyongwa alfajiri. Kikomo cha mchawi kiliandikwa kitabuni, lakini mlinzi wake alikuwa mtu mwingine asiyekuwa mchawi. Naomba msomaji aishike nukta hii, maana ndiyo nguzo ya hoja yangu.

Kompyuta ilipoingia, mtu yule aliondoka mezani. Baadhi ya watunzi wa mwanzo walitambua kuwa lazima nafasi yake ijazwe. Mwaka 1981 Andrew Greenberg na Robert Woodhead walitoa Wizardry kwa kompyuta ya Apple II. Kikosi kilikuwa cha watu sita. Watatu wa mbele walipiga na kupigwa kwa silaha, na mchawi alijificha nyuma ya migongo yao. Ili kurudishiwa afsuni zake alipaswa kulala katika nyumba ya wageni iliyokuwa juu, nje ya mashimo yenye hatari. Kila hatua ya kwenda chini iliambatana na hesabu ya safari ya kurudi. Hapa umbali ulifanya kazi ya msimamizi.

Mwaka 1987 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy. Kila daraja la afsuni lilikuwa na idadi ya matumizi, isiyozidi 9 hata kwa mchawi mkuu. Katika toleo la kwanza kulikuwa na kosa la programu: kipimo cha akili ya mhusika hakikuwa na athari yoyote kwa nguvu ya afsuni zake. Mwenye akili nyingi na mwenye akili chache walipiga sawasawa. Hata hivyo mchezo ulichezeka na ukapendwa, kwa sababu mizani yake ilisimama juu ya idadi ya nafasi alizopewa mtu, wala haikutegemea sifa zake binafsi. Wanaoamini kwamba kiongozi mwenye hekima hahitaji mipaka wangefaidika kulitafakari kosa hilo dogo.

Hata hivyo, katika safari hiyo ya kuingia kwenye kompyuta, ngome, wafuasi na kodi za askari kwa kiasi kikubwa viliachwa nyuma. Mashine ilihesabu mapigo ya upanga kwa urahisi, lakini kuhesabu utii wa watu ilikuwa kazi nyingine. Mchawi aliingia na maktaba yake karibu yote. Askari aliingia na upanga wake tu.

Kisha kikaja kitufe cha kulala. Mwaka 1998 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Baldur’s Gate, mchezo uliozifuata kanuni za Dungeons & Dragons kwa uaminifu mkubwa. Afsuni bado zilikaririwa na kusahauliwa. Dadu ya pande 4 ilikuwapo. Lakini kulala kulikuwa jambo la kubonyeza kitufe, karibu popote. Iwapo maadui wangewavamia wakiwa usingizini, mchezaji alifungua kumbukumbu aliyoihifadhi dakika chache kabla na kujaribu tena. Matokeo yake, aliyetaka aliweza kumtumia mchawi kwa nguvu zake zote katika pambano moja, akalala, akaamka na kurudia. Hakuna herufi iliyofutwa katika sheria, na bado sheria ilikuwa imekufa.

Katika michezo mingine mchawi alijitengenezea hata vifaa vya kukivunja kikomo. Katika Morrowind, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2002, mchezaji anaweza kuchanganya dawa ya kuongeza akili, akainywa, kisha kwa akili hiyo iliyoongezeka akachanganya dawa kali zaidi, akainywa nayo, hadi tarakimu zikapoteza maana. Katika Skyrim wa mwaka 2011, mtu anaweza kuzitia mavazi yake nguvu za kupunguza gharama ya afsuni za fani fulani, robo kwa robo, mpaka gharama ikafika sifuri. Hii ni kesi ya nyani, hakimu ngedere. Aliyewekewa mpaka ndiye fundi wa kuusogeza.

Najua msomaji atanipinga kwamba anayecheza peke yake chumbani hamdhulumu mtu. Nakubali. Ila tazama kinachomtokea mchezaji huyo. Maamuzi humwishia. Hana tena sababu ya kuchagua afsuni hii na kuiacha ile, wala ya kumhurumia askari aliye mbele yake. Nguvu isiyo na gharama haihitaji busara, na busara isiyohitajika hudumaa.

Hali ni tofauti pale watu wengi wanapocheza pamoja. EverQuest, mchezo wa intaneti wa mwaka 1999, ulirithi mengi kutoka DikuMUD, mchezo wa maandishi matupu uliotungwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kutolewa mwaka 1991. Humo kazi zilisimama kama mafiga matatu: mmoja huwachokoza maadui ili wampige yeye, mwingine humponya, na wengine hushambulia. Mchawi aliyezidisha mapigo kabla ya wakati alimfanya adui amgeukie yeye, na mwili wake dhaifu haukuhimili. Nguvu zake zikiisha, alilazimika kuketi chini na kungoja zirudi huku wenzake wakimlinda. Kikomo chake kilishikwa na adui aliye mbele na wenzake walio kando, na askari akapata upya heshima aliyoipoteza, maana bila yeye mchawi hakumaliza hata afsuni moja. Gharama ilikuwapo pia: asipopatikana mponyaji, kikosi kizima kilikaa bure kikisubiri. Kutegemeana huleta uvumilivu na kuleta uchovu vilevile.

Jaribio lililofuata lilikwenda upande wa pili. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, mwaka 2008, lilimpa kila mhusika uwezo wa mpangilio uleule: wa kutumia wakati wowote, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Askari na mchawi walipewa ratiba moja. Kihesabu mizani ilikaribia kutulia. Lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba kazi zote zimekuwa na ladha moja, na mwaka 2009 kampuni ya Paizo ilitoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni za zamani, ukapata wafuasi wengi. Toleo la tano, mwaka 2014, likarudisha tofauti. Kwa tafsiri yangu, watu hao hawakukataa haki. Walikataa kufananishwa. Askari hakuwa akidai kuwa mchawi. Alidai kuwapo kwake kuwe na maana.

Mwaka 2023 kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur’s Gate 3. Kitufe cha kulala kingalipo, lakini sasa kina bei: katika kiwango cha kawaida cha ugumu, kupumzika kikamilifu hugharimu vipimo 40 vya chakula, na chakula hicho lazima kikosi kikitafute. Mchezaji makini hukusanya cha kutosha na kuendelea bila shida kubwa, kwa hiyo sidai kwamba tatizo limekwisha. Nadai tu kwamba watunzi wameelewa tatizo liko wapi. Wameacha kikomo kikae walau kidogo nje ya mkono wa anayewekewa.

Kwa nini naandika haya mahali tunapozoea kujadili mambo ya nchi? Kwa sababu katiba nyingi duniani zina tarakimu nzuri: miaka kadhaa ya uongozi, siku kadhaa za hali ya hatari, kiasi kadhaa cha fedha kisichovukwa bila idhini. Tunapozijadili, tunagombania tarakimu: ziwe tano au saba, mara mbili au tatu. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba tarakimu ni sehemu ndogo ya habari. Kanuni za mwaka 1978 na mchezo wa mwaka 1998 zilikuwa na mipaka inayokaribiana sana kwenye karatasi, na zikazaa wachawi wawili tofauti kabisa, kwa kuwa mmoja alimwomba mtu mwingine ruhusa ya kulala na wa pili alibonyeza kitufe mwenyewe.

Wanafunzi wangu nimewapa zoezi, nami nampa msomaji zoezi hilohilo. Chukua kifungu chochote cha sheria kinachompa mtu mamlaka makubwa kwa muda maalumu. Ukishaisoma idadi ya siku, usiishie hapo. Endelea chini hadi uone ni nani anayeweza kuuongeza muda huo, ni nani anayemteua huyo mwenye kuuongeza, na kama askari wa kawaida, mkulima au mwalimu, ana pa kusimama na kusema kwamba leo hatulali hapa.