Chatini ya kijani ya Wahindi: namna ya kuitengeneza nyumbani kwa sandwichi

India tunaijua zaidi kwa dawa za ku farmasi na kwa askari wake wa MONUSCO. Chakula chake hatukijui sana. Lakini kuna kimoja ambacho vitu vyake karibu vyote vinapatikana ku soko zetu: chatini ya kijani, ile Wahindi wanapaka mu mkate mbele ya kupanga viazi na tomati.

Jina linatoka ku neno la Kihindi lenye maana ya kulamba. Chatini hii haipikwi: majani mabichi yanasagwa pamoja na pilipili na ndimu, basi. Mu mji wa Mumbai, ule ulioitwa zamani Bombay, wauzaji wa barabarani wanapaka siagi ku vipande viwili vya mkate, kisha chatini, kisha wanapanga viazi vya kuchemsha, tango, tomati, kitunguu na betravu, vyote vimekatwa vyembamba. Nyama haiko. Siagi inatangulia kwa sababu: mafuta yanazuia maji ya chatini yasiingie mu mkate. Ukianza na chatini, mkate utalowa mbele mtoto afike ku masomo.

Majani yenyewe ni dania, wengine wanasema giligilani. Ku pakiti ya mbegu utasoma coriandre. Usichanganye na seleri ya mu supu, harufu yake ni ingine kabisa. Kwa watu 4 ao 5, tafuta mafungu 2 makubwa ya dania na konzi moja ya mnanaa (menthe). Mnanaa usizidi, juu unaleta uchungu. Vijiti laini vya dania usitupe, ndimo harufu iko mingi. Ondoa tu mizizi na vile vigumu. Ongeza tangawizi kipande kama kidole gumba, punje 1 ya kitunguu saumu, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kidogo, na maji ya ndimu 1. Kama una jira, tia nusu kijiko cha chai. Pilipili anza na 1, uonje: zetu ndogo ni kali sana.

Kisha karanga za kukaanga, vijiko 2 vya supu. Wahindi wengi wanatumia dengu za kukaanga, lakini mu majimbo ya magharibi ya India karanga nazo zinatumiwa, na kwetu njo rahisi kupata. Kazi yake ni kufanya chatini iwe nzito. Chatini ya kuchovya sambusa inaweza kuwa nyepesi; ya sandwichi inapashwa kubaki ku kijiko hata ukikigeuza.

Saga karanga kwanza, kisha majani, na maji vijiko 2 ao 3 tu. Kama ni mashine, isage kidogo kidogo na kupumzika, juu joto lake linaharibu rangi ya kijani. Umeme ukikatika, kinu kinafaa vizuri kabisa. Chatini itakuwa na chengachenga, lakini kuna watu wanaipenda hivyo.

Sasa jambo la maji, na hapa tusiende haraka. Chakula hiki hakipiti ku moto, na kwetu kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Wengi wanaosha majani na maji safi, kisha wakati wa kusaga wanachota maji yoyote ya mu bidoni. Maji yote mawili, ya kuosha na ya kusaga, yawe yamechemshwa mpaka yatokote kabisa na kupozwa, ao yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa ku chupa. Kinu, kisu na mikono vilevile. Ndimu inasaidia rangi isigeuke haraka, lakini usiitegemee kuua vijidudu.

Mwenye frigo aiweke mu chupa yenye kifuniko, imalizike mu siku 3. Kama umeme wenu unaenda na kurudi, hesabu kama hamna frigo: tengeneza kidogo, mle asubuhi ile ile, kinachobaki kimwagwe. Kumwaga mafuta juu ili ikae siku mingi inje ya frigo ni hatari, zaidi sana kwa vile ndani kuna kitunguu saumu kibichi.