Matumizi ya mafuta ya boti

Matumizi ya mafuta ya boti ni kiasi cha petroli au dizeli ambacho injini ya boti huchoma kwa muda au kwa umbali fulani. Hupimwa kwa lita kwa saa au kwa lita kwa kilomita. Makala hii inahusu hasa boti ndogo zenye chumba, za urefu wa mita 6 hadi 9, ambazo huweza kupakiwa juu ya trela na kuvutwa na gari hadi majini. Matumizi halisi ya boti hizo mara nyingi huzidi yale yanayotangazwa na watengenezaji, ambao kwa kawaida hupima boti mpya, safi, yenye watu wachache na kwenye maji matulivu. Tofauti hiyo ina uzito wake kwa sababu majini hakuna kituo cha mafuta: aliyekosea hesabu hubaki akielea, akichukuliwa na upepo na mawimbi.

Ulinganisho na gari

Gari linalotoka Moshi mjini hadi lango la Marangu kwenye mlima Kilimanjaro hupanda takriban mita 1,000 katika safari isiyofika kilomita 50. Kuinua gari la tani 2.5 kimo hicho huhitaji nishati ya megajuli 25 hivi. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, lakini injini hugeuza karibu theluthi moja tu ya nishati hiyo kuwa kazi. Kwa hiyo kimo chenyewe hugharimu lita 2 hivi, juu ya mafuta ambayo gari lingetumia kwa umbali uleule kwenye tambarare. Wakati wa kurudi, mteremko hulisukuma gari, na injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa dereva anapoachia pedeli huku gia ikiwa imeingia.

Boti haina mteremko wa kurudia. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, na nahodha akipunguza moto boti husimama baada ya muda mfupi. Nishati iliyotumika huishia kwenye mawimbi yanayobaki nyuma. Ndiyo maana boti ya mita 7 inaweza kuchoma lita 80 kwa kilomita 100, wakati gari dogo lenye abiria walewale huchoma lita 8 hadi 10.

Mwendo

Mwendo ndio unaoathiri matumizi kuliko jambo lingine lolote ambalo nahodha anaweza kulibadili. Boti inayokwenda polepole hukata maji. Mwendo wake wa nafuu una kikomo kinachotegemea urefu wa sehemu inayogusa maji: mzizi wa pili wa urefu huo kwa mita, ukizidishwa kwa 4.5, hutoa kikomo kwa kilomita kwa saa. Kwa urefu wa mita 7, kikomo ni karibu kilomita 12 kwa saa.

Boti ikilazimishwa kupita hapo, omo huinuka, tezi huzama, na chombo huwa kama kinapanda kilima cha wimbi lake chenyewe. Boti yenye tumbo bapa na injini ya kutosha hukivuka kilima hicho na kuanza kuteleza juu ya maji. Makadirio ya kawaida kwa boti ya mita 7, yenye uzito wa tani 2 na injini ya petroli ya nguvu farasi 150, ni kama ifuatavyo:

- Kilomita 11 kwa saa: lita 6 kwa saa, yaani lita 0.55 kwa kilomita.
- Kilomita 18 kwa saa: lita 23 kwa saa, yaani lita 1.3 kwa kilomita.
- Kilomita 40 kwa saa: lita 32 kwa saa, yaani lita 0.8 kwa kilomita.
- Kilomita 58 kwa saa, moto wote: lita 57 kwa saa, yaani lita 1 kwa kilomita.

Mwendo mbaya zaidi kwa mfuko, basi, ni ule wa katikati, ambapo boti haikati maji vizuri wala haitelezi. Lita kwa saa peke yake hudanganya. Inafaa kuigawanya kwa mwendo ili kupata lita kwa kilomita.

Injini

Injini ya petroli ikiwa kwenye moto wote huchoma takriban lita 0.3 hadi 0.4 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Ya dizeli huchoma karibu lita 0.2. Hivyo injini ya nguvu farasi 15, inayotumiwa sana na wavuvi wa Afrika Mashariki, huchoma kati ya lita 4.5 na 6 za petroli kwa saa. Injini za mipigo miwili za mtindo wa zamani, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, hula zaidi kuliko za mipigo minne, kwani sehemu ya mafuta hutoka na moshi kabla ya kuungua.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari

Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ambalo hupokea maji ya mto Kikuletwa kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Hapo injini hupungukiwa asilimia 7 hivi. Kwenye Ziwa Viktoria, lililo mita 1,134, upungufu ni karibu asilimia 11.

Boti iliyoteleza vizuri Tanga inaweza kushindwa kuteleza bwawani ikiwa na abiria walewale, ikabaki kwenye mwendo wa katikati unaokula mafuta zaidi. Dawa yake ni kupunguza mzigo, au kufunga rafadha (pangaboi) ambayo husogea umbali mfupi zaidi kwa kila mzunguko.

Mzigo, tumbo la boti na maji

Petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi kwa lita na maji kilo 1, kwa hiyo matangi yaliyojaa ni mzigo pia. Boti inayolala baharini huota mwani na kome tumboni na kuwa nzito kusukuma. Ile ya trela hukaa nchi kavu na hubaki safi. Maji yenye kina kifupi huongeza ukinzani, jambo la kuangaliwa Nyumba ya Mungu kwa kuwa kina chake hubadilika kwa majira. Magugu, kama yale ya Ziwa Jipe, huweza kuzonga rafadha na kuziba njia ya maji ya kupoza injini.

Mafuta ya kuvuta trela

Safari ya barabara kutoka Tanga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 300. Ikiwa gari, trela na boti vina jumla ya tani 5, kuvipandisha mita 800 hivi hugharimu takriban lita 3 za dizeli tu. Gharama kubwa hutokana na upepo unaopiga chumba cha boti, msuguano wa matairi, na kusimama na kuondoka mara kwa mara. Gari linalovuta boti huweza kutumia nusu zaidi ya kawaida yake, au hata kuzidi hapo. Kupunguza mwendo barabarani huokoa mafuta mengi.

Kukadiria mafuta ya safari

Njia ya kuaminika ni kupima mwenyewe: kujaza tangi, kwenda umbali unaojulikana kwa mzigo wa kawaida, kisha kujaza tena na kugawanya lita zilizoingia kwa kilomita zilizokwendwa. Hesabu hiyo iandikwe kwa lita, kwa kuwa bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi na hutofautiana kati ya mahali na mahali.

Mabaharia wengi hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ni akiba. Kwa mfano, safari ya kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, kwa lita 0.8 kwa kilomita, huhitaji lita 48. Boti inapaswa kuondoka na lita 72. Lita 24 za akiba si za kuongezea matembezi; ni za upepo wa mbele wakati wa kurudi, au za kumvuta mwenzako aliyeishiwa mafuta.