MPUNGA WA KASONGO NA MIKONO ILIYOULIMA

Katika shughuli zetu zote, ikiwa ni Maulidi, ikiwa ni arusi, ikiwa ni hitima ya marehemu, jambo la kwanza aulizalo mama wa nyumba ni hili: mchele u wapi? Nyama ikikosekana watu watavumilia, na sukari ikipungua chai itanywewa hivyo hivyo. Lakini shughuli isiyo na wali, wazee wetu hawaihesabu kuwa ni shughuli. Kwa sababu hiyo, nilipoombwa niandike maneno machache ya historia katika kijitabu hiki cha ukumbusho, sikutaka kuanza na majina ya masheikh wala miaka ya misikiti, mambo ambayo wenzangu wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nimechagua khabari ya mpunga, kwani hakuna nyumba ya Mwislamu katika Maniema isiyoguswa nayo. Tena ni khabari ambayo mara nyingi husimuliwa nusu, na nusu ya pili huachwa ndani ya kinu.

Mpunga si mmea wa asili wa msitu huu. Wenyeji wa nchi, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengineo, walikuwa na vyakula vyao kabla ya mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani kuuona mto Lualaba. Walikuwa na ndizi na mtama, na muhogo, mahindi na karanga ambazo nazo zilitoka mbali, Amerika, zikapita pwani ya magharibi na kuingia bara mkono kwa mkono. Walikuwa na mawese, na samaki wa mtoni. Mtu asidhani, basi, kwamba watu wa pwani walikuta nchi yenye njaa wakailisha. Walikuta nchi yenye masoko.

Mpunga ulitoka Asia ukavuka bahari kwa majahazi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandalia wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na msomaji atakubali kwamba sinia lile lingeweza kuwekwa mbele ya mgeni hapa kwetu leo asione ajabu. Kutoka pwani mbegu ilifuata njia ya misafara. Burton na Speke walifika Unyanyembe mwaka 1857 na Ujiji mwaka 1858, na zama zile Waarabu wa huko walikwisha kuwa na mashamba yao ya mpunga. Wafanyabiashara walipovuka Ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu, na katika miaka ya 1860 wakafanya makazi Nyangwe kando ya Lualaba, mbegu ilivuka pamoja nao.

Sababu za kuibeba si ngumu kuzijua. Mpunga usiokobolewa hukaa ghalani muda mrefu, na mchele hubebeka kichwani kwa safari ya majuma mengi, sifa mbili ambazo mwenye msafara huzithamini kuliko utamu. Lakini ipo sababu nyingine isiyoandikwa katika hesabu za biashara. Mtu aliyezoea kula wali siku ya Idi, akikaa miaka kumi mahali pasipo wali, hujiona yu ugenini kila siku. Walipoupanda mpunga walikuwa wakijenga mji. Na maneno yakaja na mmea: mpunga shambani, mchele kinuni, wali siniani. Lugha yenye majina matatu kwa kitu kimoja ni lugha ya watu waliokishika kitu hicho tangu mbegu hata tonge.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya wazee wangu wangependa nipite upesi. Nawaomba radhi, sitapita upesi.

Nyangwe ilikuwa na soko kubwa, na soko lile lilikuwa mikononi mwa wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wamebeba muhogo, kuku, samaki, chumvi, mawese na vyungu, na hata makabila yaliyokuwa na ugomvi yaliheshimu amani ya siku ya soko. Livingstone, aliyekaa hapo kwa miezi kadhaa mwaka 1871, alipenda kwenda kuwatazama. Tarehe 15 Julai mwaka ule walikuwapo watu kama 1,500. Wakaingia watu wenye bunduki, wa kundi la mfanyabiashara aitwaye Dugumbe, na mmoja wao akashikana na muuzaji kwa ajili ya bei ya kuku. Dakika chache baadaye risasi zilianza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kukwama katika hori, na wengi wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye, akarudi Ujiji, na maandishi yake juu ya siku ile yalisomwa Uingereza yakachochea hasira dhidi ya biashara ya utumwa.

Wale waliokufa ndio waliokuwa wakiulisha mji. Jambo hili nalitia hapa, katika khabari ya chakula, kwani ndipo mahali pake. Mji wa wageni uliishi kwa muhogo na samaki wa wanawake wale kabla haujaweza kuishi kwa mpunga wake.

Kasongo ulikua baada ya hapo. Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliufanya makao yake mwaka 1875, na kwa muda wa miaka chini ya ishirini ukawa mji mkubwa kuliko miji yote ya Waswahili ng'ambo ya Ziwa. Shahidi wetu bora juu ya kilimo chake ni mtu aliyekuja kuuteka: Sidney Hinde, tabibu Mwingereza katika jeshi la Mfalme Leopold, ambaye alitoa kitabu chake mwaka 1897. Hakuwa na sababu ya kuwasifu adui zake, na kwa hiyo sifa zake zina uzito. Asema kwamba mji ulijengwa pembeni mwa msitu ambao haujapata kukatwa, na kwamba kwa masafa marefu pande zote vichaka vilikuwa vimefyekwa na miti mingi imeangushwa. Aliona miwa, mahindi na mpunga. Maghala yalijaa mchele, mahindi na kahawa. Bustani zilikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Na katika shamba moja la mpunga, shamba moja tu, alipita akiwa amepanda mnyama kwa muda wa saa moja na nusu.

Maneno haya ya mwisho tumeyazoea kuyarudia kwa fahari. Mimi pia niliyarudia nilipokuwa kijana, mpaka siku moja mzee mmoja, mkulima asiyejua kusoma, aliponiuliza: "Na magugu yake, mwanangu, nani aliyapalilia?"

Anayelima mpunga wa nchi kavu anajua uzito wa swali lile. Wakati wa kiangazi msitu hufyekwa, na miti mikubwa huangushwa kwa shoka, mti mmoja labda kwa kutwa nzima ya watu wawili. Hungojewa ukauke, ukachomwa moto, na visiki hubaki vimesimama kati ya majivu. Mvua za kwanza zikinyesha hupandwa kwa jembe dogo, shimo kwa shimo. Kisha huja kupalilia, na baada ya kupalilia huja ndege, na hapo watoto hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata magharibi wakiamia, kwani kundi moja la ndege kwa siku moja laweza kula jasho la miezi mitatu. Mavuno hukatwa kwa kisu, suke kwa suke. Halafu kuanika, kupura, kutwanga, kupepeta, na kutwanga tena. Na ardhi ya msituni haitoi mpunga mzuri mara nyingi mfululizo. Baada ya mavuno ya kwanza mtu hutia muhogo au karanga, akaanza kufyeka mahali pengine. Basi shamba la safari ya saa moja na nusu halikulimwa mara moja likakaa. Lilitaka kufyekwa upya mahali papya, mwaka baada ya mwaka.

Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Walitekwa katika vita vya pande za Lualaba na Lomami, wanaume kwa wanawake na watoto wao, na pembe iliyokwenda Ujiji na Zanzibar ilibebwa na wenzao. Wapo wasemao kwamba mtumwa wa shamba hapa Maniema alitendewa kwa upole, alipewa mke na kipande cha ardhi, na baada ya muda akawa mtu wa nyumba. Huenda wengine walitendewa hivyo. Lakini aliyepewa mke hapa alikuwa na mke kwao, na upole wa bwana hauwezi kuwekwa katika mizani moja na kijiji kilichochomwa moto.

Jambo la ajabu la historia yetu ni jina. Watu wa misafara waliitwa waungwana, na lugha yetu ikaitwa Kingwana kwa ajili yao. Muungwana ni mtu huru wa kuzaliwa. Na kumbe wengi wa waungwana wale walikuwa wenyewe watumwa, au waliopewa huru, au wana wao. Kijana aliyeletwa mjini amefungwa kamba, baada ya miaka michache alivaa kanzu, akajua Fatiha, akashika bunduki, akaitwa muungwana na kwenda kuwafunga kamba wengine. Wengine walishika jembe tu, wakasilimu, wakafa wamezikwa kwa Kiislamu. Sisi tuliopo ni wajukuu wa hao wote kwa pamoja. Katika nyumba moja utamkuta babu aliyekuja na msafara na bibi aliyekuja kwa kamba. Anayesema "wazee wetu waliulima mpunga wa Kasongo" asema kweli, ila ajue ni wazee gani.

Nitaongeza neno moja juu ya zaka, kwani linahusu. Katika Sura ya al-An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, chakula kinachowekwa akiba, kama mpunga, kikifika wasaki tano, nazo ni zaidi ya kilo 600, hutolewa sehemu ya kumi ikiwa kimenyweshwa na mvua, na nusu ya sehemu hiyo ikiwa mkulima amegharimika kukinywesha. Mpunga wetu hunyweshwa na mvua, kwa hiyo ni sehemu ya kumi kamili. Mwenye mali ndiye anayedaiwa zaka, na mtumwa hakudaiwa, maana hakuwa na mali. Kwa hiyo yule aliyefyeka, akapanda, akapalilia na kuvuna hakuweza kuwa mtoaji; angeweza tu kuutazama ukipimwa. Watoto wake ndio waliokuja kuutoa kwa mkono wao, baada ya mabwana kuondoka.

Mabwana waliondoka kwa vita. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar vilipoanza mwaka 1892. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Maghala yaliyojazwa na watumwa yakalisha jeshi la washindi. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa kabla ya mwaka ule kwisha, na Rumaliza akarudishwa ng'ambo ya Ziwa. Waliobaki ni wale wasio na pa kurudi, yaani walio wengi.

Dola mpya haikuupenda msikiti, lakini iliupenda mpunga. Vituo vyake na askari wake walihitaji chakula, na vijiji vya Waislamu, ambao Wabelgiji waliwaita "arabisés", vilijua kukilima, huku kwetu na hata Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipofunguliwa mwaka 1911 mchele ulipata njia ya kwenda mbali zaidi. Kisha mwaka 1917 ikatoka sheria ya kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka, na hapo pamba ikaingia kwa nguvu. Waliolazimishwa na bwana wa kanzu walilazimishwa tena na bwana wa kofia, na wazee wetu hawakuona tofauti kubwa katika jembe.

Lakini ndani ya shida ile ilikua desturi tuliyo nayo. Skuli za Qurani zilipotazamwa kwa jicho la shaka, mwalimu hakuwa na mshahara, akalishwa kwa mpunga wa wazee wa wanafunzi. Maulidi yaliandaliwa kwa vibaba vilivyokusanywa nyumba kwa nyumba. Wanawake walikutana usiku kutwanga pamoja, na katika vinu vile mkwe wa muungwana na mkwe wa mtumwa walipokezana mchi.

Mahali pa mji wa Tippu Tip hapana mji tena. Pamebaki miembe na jina, Tongoni. Na tongo, kama wajuavyo wakulima, ni mahali palipokaliwa au kulimwa zamani pakaachwa. Wataalamu wa mambo ya kale wamekwenda huko kuchimba na kuwauliza wazee khabari zake. Wanachuoni wetu huwapeleka vijana pia, wakawaonyesha palipokuwa na nyumba za mabwana. Palipokuwa na vibanda vya waliolima hapajaonyeshwa na mtu, nami nimewaomba vijana wa chama chetu, wakienda mara nyingine, wawaulize wazee wa pale kabla hawajaondoka duniani.